Skwea ya Dakta Lubango

Nchi ya Songambele msiitafute kwenye ramani. Waliochora ramani ya dunia waliiruka, na serikali ya huko ilipolalamika ikaambiwa isubiri toleo lijalo. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia ni ya mbali kabisa, ya watu msiowajua, na msomaji akijikuta yumo humu ndani atajua mwenyewe pa kutokea. Mimi simo.

Songambele ina makabila mengi na katiba inayosema yote ni sawa. Katiba hiyo waliiandika Wagongo, na kwa wema wao wakawaandika na wengine humo humo. Wagongo hujenga nyumba za pembe nne. Wavunga, watu wa nyika za matete huko kusini, hujenga msonge, nyumba ya duara isiyo na pembe hata ya kutundikia kofia. Ndani ya msonge watu huketi wakiufuata ukuta, na akiingia mtu, awe ndugu au mpita njia, wote husogea kidogo naye akapata pa kukaa. Mvunga hajui kusema nyumba imejaa. Tena mwana akisafiri, nafasi yake kando ya mama yake huachwa wazi. Pale hakai mtu, hata kama paa linavuja upande wa pili, mpaka msafiri arudi au mpaka mama mwenyewe aseme, "Sogeeni." Akishasema hivyo basi, yamekwisha.

Sasa, mjini walikuwa na Skuli ya Usanifu Majengo, ambako vijana hufundishwa kuchora nyumba za taifa. Mtihani wa kuingilia ulikuwa rahisi ajabu. Unapewa karatasi, unaambiwa, chora nyumba. Ukimaliza, msahihishaji anachukua skwea, kile kipande cha pembetatu mafundi wanachopimia pembe, anaiweka kwenye kila kona ya nyumba yako. Kona ikikaa sawa unapata alama. Asiye na kona hana alama. Wabaya wao walisema mtihani ule unabagua, lakini hebu niambieni, skwea ina kabila gani?

Miaka na miaka wakaingia Wagongo watupu, na Mvunga mmoja tu. Huyo ndiye Dakta Lubango.

Enzi za ujana wake, Lubango alipoambiwa achore nyumba, alichora zahanati ya kwao Mapopwe. Ndilo jengo pekee la pembe nne alilowahi kuliona, na aliikumbuka vizuri kwa sababu alichomwa sindano humo. Akapasi. Akasoma, akaenda ng'ambo, akarudi na miwani, akawa mwalimu wa pale pale. Picha yake ilitolewa kwenye kalenda ya skuli kila mwaka, mwezi wowote uliokuwa na nafasi, na chini yake pameandikwa: Milango Iko Wazi.

Na ni nani, mnadhani, aliyekabidhiwa skwea? Ni yeye. Amidi wa skuli, Profesa Tibenda, Mgongo mnene mwenye sauti ya kanisani, alilifikiria jambo hilo kwa uchungu. Akisahihisha Mgongo na Mvunga akafeli, watu watasema ubaguzi. Lakini akisahihisha Mvunga mwenyewe, atasema nani? Basi kila msimu wa mtihani vijana wa Kivunga walipanda kutoka nyikani na misonge yao, na Dakta Lubango akawafelisha mmoja mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Jioni yake alipatwa na kiungulia cha kumtoa machozi. Madaktari walimkataza pilipili, akaacha pilipili. Wakamkataza kahawa, akaacha. Kiungulia kilibaki pale pale, maana hakikutoka jikoni, naye alilijua hilo.

*

Mwaka mmoja alikuja msichana aitwaye Sikuzani. Alitoka Mapopwe, na mama yake na Lubango walikuwa watoto wa ndugu wawili. Aliingia chumba cha mtihani, akamwona, uso ukamkunjuka, akasema, "Shikamoo Mjomba." Amidi alikuwa amesimama mlangoni. Lubango akajibu marahaba ya haraka haraka, ya mtu anayejibu simu ya anayemdai, kisha akamwuliza namba yake ya mtihani kana kwamba hajapata kumwona.

Sikuzani alichora msonge, lakini si kama wengine. Aliuchora ukitazamwa kutoka juu, paa limeondolewa, na watu wameketi ndani wote, mduara mzima. Ungemtambua kila mtu kwa mgongo wake tu. Palikuwa na mwanamke kizee mwenye fimbo mapajani, na kando ya kizee huyo palikuwa na nafasi wazi.

Lubango aliitazama nafasi ile mpaka miwani ikaingia ukungu. Kizee yule alikuwa mama yake. Hakuwa amerudi nyumbani tangu apate udaktari. Kwanza kulikuwa na kazi, halafu kulikuwa na aibu ya kutokwenda, na aibu hiyo nayo ikawa kazi. Moyoni alisema, mpe mtoto alama zake, wewe mtu mzima ovyo. Amidi akakohoa mlangoni. Lubango akatoa skwea, akaiweka juu ya ukuta wa duara, ikayumba, haikupata pa kukaa. Akaandika sifuri. Na ile sifuri ilitoka duara safi kabisa, bila bikari, maana mkono wa Mvunga hausahau.

Kanuni za skuli zilimruhusu mtu kujaribu mara mbili tu maishani. Sikuzani akabakiwa na moja.

*

Haukupita muda, Rais wa Songambele akaenda ziara ng'ambo, akatembezwa kwenye chuo, akaona wanafunzi wa kila rangi na kila sura wamekaa pamoja kwenye majani wanakula mikate. Akapendezwa mno. Aliporudi akauliza kwa nini za kwake zote zinafanana. Kesho yake ikaundwa Wizara ya Sura ya Taifa, na waraka ukashuka kwamba Siku ya Sura ya Taifa kila skuli ionyeshe wanafunzi wa makabila yote, wakitabasamu.

Profesa Tibenda akaunda Kamati ya Ujumuishi. Wajumbe wote walikuwa Wagongo, na Dakta Lubango akafanywa katibu ili sauti ya wachache nayo ipate kuandika kumbukumbu. Walikaa, wakanywa chai, wakalaani ubaguzi kwa kauli moja. Mjumbe mmoja, kijana, hajazoea vikao, akauliza kama haiwezekani kubadili mtihani.  Mtu akaweka kikombe chini. Amidi akamwambia kwa upole kwamba hapo wanazungumzia ujumuishi, ubora hawauchezei, kisha akamwomba awe anapumzika nyumbani.

Dawa ilipatikana baada ya sambusa. Kwa kuwa mtihani haubadiliki na nafasi zimejaa, kilichobaki kubadilishwa ni makabila ya waliomo. Wanafunzi wakaokoteshwa kura. Aliyeokota karatasi ya Wabwiru akawa Mbwiru, aliyeokota ya Wasangaji akawa Msangaji, akapewa na cheti. Anatoli, mtoto wa dada yake Amidi, aliokota Mvunga. Akalia. Wenzake wakambembeleza wakamwambia ni kwa siku moja tu, na yeye akauliza kama Wavunga hupiga mswaki.

Cheti cha Uvunga kilihitaji shahidi ambaye ni Mvunga wa kuzaliwa. Wote wakageuza shingo kumtazama katibu. Amidi akasema, "Dakta, hapa hatukulazimishi. Tunakuheshimu tu mbele za watu." Lubango akafikiria nyumba ya skuli anayokaa, akafikiria kalenda, akatia sahihi. Usiku hakulala. Aliona haya hata kujitazama kwenye kioo, akanyoa kwa kupapasa na kujikata shavu.

Kisha likajengwa Banda la Ujumuishi katikati ya uwanja, msonge kamili kwa heshima ya Wavunga. Ila michoro ya majengo yote ya skuli lazima ipitishwe kwa skwea, na mwenye skwea ni katibu wenu. Basi ukajengwa msonge wa pembe nne, wa kwanza duniani. Lubango aliupitisha yeye mwenyewe, na alijisikia kama mtu anayempima mama yake sanda.

Ndani ya Banda ukuta ulikuwa mtupu, na Amidi akaagiza kitafutwe kitu cha Kivunga cha kutundika. Makarani wakaingia stoo walikotupa karatasi za waliofeli, wakatoka na mchoro wa Sikuzani. Wakaupenda, wakaufanyia fremu nzuri ya mninga, nene ya kutosha kuifunika sifuri.

*

Asubuhi ya Siku ya Sura ya Taifa, Lubango alimkuta Sikuzani amesimama getini. Alikuwa amekuja kuulizia tarehe ya mtihani wake wa mwisho. Mlinzi alimwambia Wavunga wameshaingia, ni mmoja, yuko ndani anavalishwa. Lubango akaona yule binti anamtazama kutoka mbali. Unajua alifanya nini? Alitoa simu, simu yenyewe imekwisha chaji, akaiweka sikioni, akapita akisema haloo, haloo, ndiyo Mheshimiwa.

Waziri, Bi. Pulkeria Ndagano, akafika na msafara na tarumbeta. Alihutubia mpaka watoto wa ngoma wakakaa chini. Alisema taifa ni nyumba, na nyumba ni watu, na watu ni taifa, kwa hiyo mzunguko umekamilika. Wakapiga makofi. Akakagua wanafunzi wa kila kabila, wamejipanga na mavazi yao, na wote kwa bahati nzuri walikuwa na lafudhi ya Kigongo, jambo alilolisifu kama ushahidi wa umoja.

Wakaingia Bandani. Waziri akasimama mbele ya mchoro, akanyamaza kweli kweli, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akauliza ni kazi ya nani. Amidi akamsogeza mbele Anatoli na sketi yake ya matete, akasema ni ya kijana wetu huyu Mvunga. Waziri akataka kujua hawa watu wanafanya nini. Anatoli akasema wanacheza karata. Na hapa palipo wazi? Anatoli akafikiri, akasema pengine ndipo mlango. Mlango ulikuwa umechorwa upande wa pili, waziwazi.

"Dakta Lubango," Waziri akasema, "wewe ndiye mwenyeji. Hebu tueleze."

 Kiungulia kilimpanda Lubango mpaka kooni, na mara hii hakukirudisha.

"Mheshimiwa, hapo ni mahali pangu," akasema. "Huyo mwenye fimbo ni mama yangu mzazi. Pameachwa wazi miaka yote nikiwa huku nawafelisha watoto wa kwetu kwa kosa la kuchora walikozaliwa. Huyu kijana si Mvunga, cheti chake nilitia sahihi mimi. Aliyechora ni mtoto wa dada yangu, yuko nje ya geti sasa hivi, na sifuri niliyompa iko hapo chini ya fremu."

 Amidi aligeuka rangi ya jivu. Lubango, pamoja na hofu, akasikia kitu ambacho hakukisikia kwa muda mrefu, tumbo limetulia.

Waziri akatoa leso, akajifuta jicho moja, lile la upande wa kamera. "Nje ya geti," akarudia taratibu. "Mnaisikia lugha hiyo? Kwamba sisi sote tuna mtu wetu nje ya geti!" Akaanza kupiga makofi. Amidi, mtu mwepesi, akadaka hapo hapo, akasema Wavunga ni mabingwa wa mafumbo tangu jadi. Makofi yakazidi. Lubango akapaza sauti kwamba hakusema fumbo, kwamba ni kweli tupu, wang'oe fremu waone. Wakamshangilia kwa ule unyenyekevu wake. Tarumbeta zikapigwa, na kabla hazijanyamaza alikuwa ameshateuliwa Mkurugenzi wa Ujumuishi wa skuli nzima, na kuzawadiwa skwea ya shaba iliyochongwa jina lake.

Alikimbia getini na skwea yake mpya. Mlinzi akapiga saluti, akasema yule binti ameshaondoshwa, Mkurugenzi asiwe na wasiwasi.

*

Nimsifu hapa, maana nimemsema vya kutosha. Ukurugenzi ule aliutumia. Aliandika agizo kwamba mwaka huo nyumba yoyote ni nyumba, na skwea haitatumika kwa mtahiniwa yeyote. Amidi alitia sahihi bila kusoma, kwa kuwa juu ya karatasi palikuwa na picha ya Lubango akipeana mkono na Waziri. Lubango akatuma habari Mapopwe kwa kila njia aliyoijua, kwamba Sikuzani aje, asiogope, achore msonge wake vile vile. Akanunua na kitenge cha kumpelekea mama yake, akapanga mtihani ukiisha waondoke pamoja, yeye na binti, waingie nyumbani akiwa na la kusema.

Siku ya mtihani aliziacha skwea zote mbili nyumbani. Alikula pilipili asubuhi, akanywa na kahawa.

Sikuzani alikuja. Alisema shikamoo, bila mjomba, akakaa, akachora kwa muda mfupi tu, akaleta karatasi mezani.

Ilikuwa nyumba ya pembe nne. Kuta nne, dirisha moja, mlango mmoja, bati. Ndani hapakuwa na mtu.

Lubango akaishika karatasi kwa mikono miwili. Akamwuliza kwa sauti ya chini kama habari alizotuma hazikufika. Zilifika, binti akajibu. Akamwuliza basi mbona amechora hivyo, na yeye skwea hakuja nayo. Sikuzani akasema hata mwaka jana mtu angeweza kumwambia kwamba nyumba yoyote ni nyumba, pale pale mezani, asingehitaji waziri.

Amidi akawa amefika, akachungulia begani, akapiga yowe la furaha. Akachomoa skwea yake mwenyewe mfukoni, maana agizo hakulisoma, akaipachika kona ya kwanza, ya pili, zote. Zilikaa kama zimemwagiwa zege. Alama zote! Akasema sasa ndipo dunia ijue kwamba Mvunga akipewa nafasi sawa anaweza, na kwamba ubora wa skuli haukuguswa hata kidogo. Akaita mpiga picha wa kalenda.

Huku wakimsubiri, Lubango alisema lile moja alilolibakiza. Alisema atakwenda Mapopwe wiki hiyo hiyo. Alisema ameshanunua na kitenge cha bibi.

Sikuzani akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo.

"Bibi aliniuliza nani alisahihisha," akasema. "Nikamwambia. Hakugusa chakula mpaka kikapoa. Halafu akasema tusogee."

 Mpiga picha alikuwa ameshasimika miguu ya kamera yake na anapunga mkono, akiwapanga, Amidi kulia, Mkurugenzi kushoto, msichana katikati ameshika nyumba yake. Aliona pengo kubwa mno kati ya Mkurugenzi na yule binti, na kwenye kalenda pengo halipendezi.

"Sogeeni," akawaambia. "Sogeeni kidogo, pale pazibe."

Wakasogea. Ndiyo picha ya mwezi wa kwanza.